Siku za Kangerlussuaq Si Likizo

MUULIZE SHANGAZI WA SAFARI

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu watafiti wanaokwenda Aktiki, na zimekwama pale pale wanapokwama watafiti wenyewe: kituo cha njiani. Nyingi zinataja Kangerlussuaq, Greenland. Nashukuru, maana hapo ndipo nilipofanyia kazi msimu baada ya msimu. Wenye shahada zao walipanda kwenda kuchimba barafu, mimi nikabaki chini nahesabu masanduku. Nitakayoyasema ni ya mtu wa mizigo. Mtafiti anaweza kukueleza mengine.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na mwaka huu nimeingizwa kwenye timu inayokwenda kuchimba miche ya barafu Greenland, yaani vipande virefu vya mviringo vinavyotolewa ndani ya barafu ya kale. Ratiba inasema tutafika Kangerlussuaq Jumatatu, lakini ndege ya kwenda barafuni ni Ijumaa. Msimamizi wangu anasema hizo ni siku za kazi. Mimi naona ni siku za kulala hotelini na kula fedha za mradi. Kwa nini tusiunganishe moja kwa moja? Na tutafanya nini siku zote hizo?*
— Mwenye Haraka

Marahaba, mwanangu. Jina umejichagulia vizuri.

Hilo neno hoteli liondoe kwanza. Timu nyingi hulala KISS, jumba la kuwahudumia watafiti lililo katika majengo yaliyoachwa na jeshi la anga la Marekani. Vyumba ni vidogo, bafu na jiko ni vya kushirikiana, na korido inanuka kahawa na soksi zinazokaushwa. Ukitoka nje unaona njia ndefu ya kurukia ndege, vilima vya mawe, na mto wa rangi ya majivu kwa sababu ya unga wa miamba iliyosagwa na barafu. Mji una watu kama 500, na wengi wao riziki yao imefungamana na huo uwanja wa ndege.

Hamwezi kuunganisha kwa sababu ndege iliyowaleta inatua kwenye lami, na huko mnakokwenda lami hakuna. Mnahitaji ndege yenye skii, mabamba marefu ya kutelezea juu ya theluji. Kubwa kuliko zote ni LC-130, yaani Hercules ya injini nne iliyofungwa skii, nazo ni za kikosi cha 109 cha walinzi wa anga wa jimbo la New York, chenye makao yake Scotia. Huja Greenland kwa zamu, kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi. Zikifika, timu zote zinapanga foleni. Zamu yenu inategemea uzito, mafuta, hali ya hewa kule juu, na ndege yenyewe imeamkaje. Ukiambiwa Ijumaa, ujue ni Ijumaa kama kila kitu kikikubali. Nimewaona watu wa Ijumaa wakiondoka Jumanne.

Lakini hata zingekuwepo ndege kumi zinawasubiri nyinyi tu, ningewazuia msiondoke siku ya kwanza. Mizigo yenu imepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika hapo: lori, meli au ndege ya mizigo, foklifti, ghala, foklifti tena. Kangerlussuaq ni mahali pa mwisho penye paa, meza, umeme wa ukutani, mtu wa kumwazima spana, na ndege ya abiria inayoweza kuwaletea kifaa. Ukishapanda ile ya skii, ulichosahau umesahau. Duka lipo, Pilersuisoq, linauza mkate, maziwa, soksi na betri za tochi. Pete ya mpira ya kekee yenu haliuzi.

Basi fungueni kila sanduku. Sisemi mlitikise msikilize kama kuna kitu kinalia ndani. Fungueni, toeni, wekeni mezani, washeni. Kompyuta ya kunasia data iwashwe na ibaki imewaka usiku kucha. Jenereta liungurume nje hadi mmoja wenu alalamike. Simu ya setilaiti mpigie nayo mtu, asikike, aseme anawasikia. Hema lisimikwe lote, na mambo zake, vile vigingi vya kulifungia, zihesabiwe. Yule anayesema hema ni lile lile la mwaka jana, halina haja ya kusimikwa, ndiye apewe kazi ya kulisimika.

Kekee iunganisheni nzima, nje, mkiwa mmevaa glavu zile zile mtakazovaa huko juu. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba skrubu ndogo inayobana kisu haishikiki kwa vidole vinene, na kwamba mmoja wenu hana budi kuvua glavu kila kisu kinapobadilishwa. Kangerlussuaq mwezi wa sita kuna joto la nyuzi 10 au 15, kuvua glavu si kitu. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo, chuma kinang'ata ngozi. Nendeni kwa fundi, mji huo haukosi mafundi wa mitambo, awabadilishie skrubu hiyo iwe na kichwa kinachoshikika, au mfunge uzi mwekundu ili ikidondoka kwenye theluji ionekane. Kazi ya nusu saa. Barafuni skrubu hiyo ikipotea mnakaa mnatazamana.

Mizigo inayoninyima usingizi ni ya aina mbili: isiyotakiwa kuganda na isiyotakiwa kuyeyuka. Ile ya pili inakuja safari ya kurudi, nitaieleza mwishoni. Ya kwanza ni mingi kuliko watu wanavyodhani: dawa za maabara zenye maji, gundi, baadhi ya betri, skrini za vifaa, na mayai ya mpishi. Niliwahi kuona kasha la chupa za maji ya kupimia limeachwa nje ya ghala usiku mmoja wa Aprili. Asubuhi vizibo vilikuwa vimenyanyuka, kioo kimepasuka kutoka shingoni hadi kitakoni, na mche wa barafu umesimama peke yake ukiwa na umbo la chupa. Kibandiko cha kukataza kugandisha kilikuwepo. Kilibandikwa upande mmoja tu, na upande huo ndio ulioegemezwa ukutani. Bandika pande zote nne na juu. Halafu mwone anayepanga ghala kwa macho yako, mwonyeshe kasha kwa kidole.

Betri za lithiamu, gesi ya jiko, petroli na kemikali zote ziandikwe kwenye fomu za mizigo ya hatari kabla hazijakaribia ndege. Usijaribu kuficha betri moja ya ziada kwenye begi la nguo. Wafanyakazi wa ndege wana haki ya kukasirika, na wakikasirika paleti yenu, jukwaa lile la kupangia mizigo, nzima inashushwa, nyavu zinafunguliwa, mnaanza upya huku timu ya nyuma yenu ikiwatazama kwa furaha.

Kisha kuna upangaji wa paleti, na hapa nakuomba uwe mkaidi hata kwa msimamizi wako. Mara nyingi mtakwenda kwa ndege zaidi ya moja. Ya kwanza ikiwatua na ya pili isije kwa siku tatu, mtaishi kwa kilichoteremka pamoja nanyi. Kwa hiyo hema, mifuko ya kulalia, jiko, mafuta ya jiko, kibiriti, chakula, redio na sanduku la dawa vinapanda na watu wa kwanza, hata kama profesa analia kwamba kifaa chake cha mamilioni kimebaki ghalani. Kifaa cha mamilioni hakichemshi maji.

Mtapimwa uzito pia, nyinyi wenyewe, na buti na begi la mkononi. Usione haya, rubani anataka jumla tu.

Sasa hesabu siku zako. Jumatatu mmefika mmechoka. Jumanne na Jumatano ni masanduku, vibali, mafunzo ya usalama, na fomu. Greenland haimruhusu mtu kujiendea tu kwenye bamba la barafu, yaani barafu nene iliyofunika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Safari za kitafiti huko zinahitaji kibali cha serikali yake, na nakala iwe mkononi. Alhamisi mchana paleti zinafungwa nyavu. Inabaki nusu siku, na hiyo ndiyo nakuruhusu uitumie kwa raha. Kuna barabara ya vumbi, kama kilomita 35, inayopanda hadi ukingoni mwa bamba la barafu, mahali paitwapo Point 660. Ilijengwa na kampuni ya magari ya Volkswagen iliyotaka kujaribia magari yake kwenye baridi. Kampuni ikaondoka, barabara ikabaki. Njiani utawaona ng'ombe-maski, wanyama wa manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Wametokana na ndama 27 walioletwa kutoka kaskazini mashariki mwa Greenland katika miaka ya 1960, na sasa ni maelfu. Usiwasogelee upige picha. Wanaonekana wazito hadi siku wanapokukimbiza.

Mkiwa mjini, simameni kwenye daraja la mto Watson. Julai 2012, joto lilipotanda juu ya Greenland na setilaiti zikaonyesha uso wa bamba la barafu ukiyeyuka karibu wote, asilimia 97 hivi, mto huo ulijaa ukabomoa sehemu ya daraja. Mtu anayekwenda kuchimba barafu ya kale akipaona hapo kwa macho yake, hahitaji hotuba ya msimamizi kuhusu umuhimu wa mradi.

Kuna jambo jingine halimo kwenye ratiba yoyote. Kangerlussuaq iko juu kidogo ya mzingo wa Aktiki, na kiangazi jua halizami. Saa sita usiku mwanga unapenya pazia, watu hawalali, na baada ya siku mbili hasira zinakaribia. Hapo ndipo timu inajulikana: nani anakoroma, nani haoshi sufuria, nani akikosolewa ananuna siku nzima. Mkigombana, gombaneni hapo penye milango ya kufunga. Huko juu mtakuwa kwenye hema moja la kulia.

*

*Dada, habari za kazi. Binti yangu ni fundi wa vifaa vya hewa, alikuwa aende kituo cha Summit katikati ya Greenland. Asubuhi alinitumia ujumbe kwamba anapanda ndege. Jioni akanipigia, yuko Kangerlussuaq tena. Anasema ndege ilifika juu ya kituo, ikazunguka, ikarudi. Je, ndege ni mbovu, au kuna kitu ananificha?*
— Baba Mwenye Wasiwasi

Kaka, salama. Binti hakufichi kitu, na ndege si mbovu. Hayo ni ya kawaida kabisa.

Summit iko kwenye mwinuko wa mita 3,216, kilele cha bamba la barafu, karibu saa mbili kwa ndege kutoka Kangerlussuaq. Pande zote ni theluji tambarare hadi macho yachoke. Njia ya kutulia ni theluji iliyosawazishwa na kuwekewa bendera, zaidi ya kilomita 4 kwa urefu. Mawingu yakishuka, mwanga unatawanyika, vivuli vinapotea, na anga na theluji vinakuwa weupe mmoja. Rubani hawezi kujua kwa macho ardhi iko wapi. Anasubiri kidogo, anazunguka, anapima mafuta. Akifika kiwango cha mafuta ya kumrudisha Kangerlussuaq, anarudi. Hakuna uwanja mwingine jirani wa kukimbilia, kwa hiyo mafuta ya kurudi hayaguswi. Rubani anayerudi mapema ndiye ninayemwamini.

Pengine tatizo huwa la kuondoka kule juu. Siku zenye joto kidogo theluji inakuwa nzito na inashika skii, na hewa ya kule ni nyembamba, hivyo injini na mabawa vinapungukiwa nguvu. Ndege hukimbia njia nzima bila kunyanyuka, ikageuza, ikajaribu tena. Zamani walifunga roketi ndogo ubavuni kuisukuma. Rubani akiona asubuhi hali si nzuri, anaona afadhali asitue kuliko atue akwame.

Mpe binti pole kwa jambo moja tu, mavazi. Hata kama Kangerlussuaq kuna jua na mbu, abiria wa ndege hizo wanapanda wakiwa na mavazi kamili ya baridi kali, au wameyashika mikononi, kwa sababu ndege ikilazimika kutua njiani watakaa barafuni wakisubiri kuokolewa. Mwazie: suruali nene yenye mikanda, buti kubwa, koti mapajani, viziba masikio, amekaa ubavuni mwa ndege kwenye kiti cha utepe mwekundu, jasho linamtiririka hadi wapae. Saa nne baadaye anashuka pale pale alipopandia. Na kesho anarudia.

*

*Shangazi, mwaka jana nilipofika Summit kichwa kiliniuma siku mbili na usingizi ukakimbia. Nilidhani siku nne za Kangerlussuaq zilinizoesha. Nilikosea wapi?*
— Kichwa Kizito

Hukukosea, ila Kangerlussuaq haikuzoeshi mwinuko hata kidogo. Uwanja uko mita 50 hivi juu ya usawa wa bahari. Unakaa pale wiki, kisha kwa saa mbili unarushwa hadi zaidi ya mita 3,200. Tena karibu na ncha za dunia shinikizo la hewa ni dogo kuliko mwinuko huo huo karibu na ikweta, kwa hiyo mwili unajiona uko juu zaidi ya namba inayosomeka kwenye ramani.

Unachoweza kufanya ukiwa chini ni kumwona daktari, umweleze historia yako, na kama anaona kuna dawa ya kutanguliza, akupe yeye. Usiazime vidonge vya mwenzako. Ukifika, kunywa maji, tembea polepole, na siku ya kwanza usishindane na vijana kubeba masanduku. Wapo wanaoona aibu kukaa wakati wenzao wanapakua mzigo. Kaa. Na ukiona mtu anayumba, au anapumua kwa shida akiwa amekaa, hayo si ya kunywea maji. Mjulishe mtabibu wa kambi saa hiyo hiyo.

*

*Habari Shangazi. Nina viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, kwa sababu napitia Copenhagen. Inatosha kunifikisha Greenland? Na mwenzangu anayekwenda Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, naye anauliza.*
— Wawili Wenye Pasipoti

Greenland iko chini ya ufalme wa Denmark lakini haimo Schengen. Viza ya kawaida ya Schengen haikuvushi. Omba kupitia ubalozi wa Denmark au ofisi inayouwakilisha, na hakikisha imeandikwa kwamba inatumika Greenland. Isome viza yako leo, usingoje kaunta ya uwanja wa ndege.

Svalbard ni kisa kingine. Mkataba uliosainiwa Paris mwaka 1920 uliipa Norwei mamlaka ya visiwa hivyo na kuwapa raia wa nchi wanachama haki sawa za shughuli zao huko, na hadi leo Svalbard yenyewe haidai viza. Lakini ndege za kawaida zinapitia Norwei bara, na visiwa haviko Schengen. Kwa hiyo mwenzako akitoka Norwei bara kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivyo, ametoka Schengen, na akirudi anaingia upya. Anahitaji viza ya kuingia mara mbili. Wapo waliokwama kwa kuomba ya mara moja.

*

*Shangazi, mimi naelekea Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti huko Svalbard, kupitia Longyearbyen. Nimeambiwa nizime Bluetooth na wifi kwenye kila kifaa kabla ya kuondoka Longyearbyen. Mbona ni kituo cha sayansi, na sayansi ya leo yote ni mawimbi?*
— Mtu wa Vihisi

Kwa sababu hiyo hiyo, bwana. Huko nilipita tu, sikukaa, lakini sheria hii nilifundishwa mapema. Mamlaka ya ramani ya Norwei ina antena kubwa Ny-Ålesund zinazosikiliza mawimbi hafifu mno kutoka kwenye kwaza, vitu vilivyo mbali kuliko akili inavyofika. Kwa kulinganisha muda ambao mawimbi hayo yanafika kwenye antena za sehemu mbalimbali za dunia, wanapima mzunguko wa dunia na namna mabara yanavyosogea. Saa yako ya mkononi yenye Bluetooth inapiga kelele kuliko kwaza. Ndiyo maana eneo la kilomita 20 kuzunguka kijiji vifaa hivyo haviruhusiwi mpaka upate kibali.

Kwako mtu wa vihisi, hili ni la kumalizia Longyearbyen, tena mapema. Vihisi vyako vikitumiana data kwa Bluetooth, leta nyaya. Vipo vifaa vinavyowasha wifi vyenyewe kila vinapowashwa, hata uvikataze. Tafuta namna ya kuizima ndani ya programu yake ukiwa bado na intaneti ya kusoma maelekezo. Ndege ya kwenda Ny-Ålesund ni ndogo, ya injini mbili, na safari haifiki hata nusu saa, lakini mzigo unapimwa kwa ukali. Zito litangulie kwa meli.

Na ukiwa Longyearbyen, ukiingia kwenye nyumba za wageni nyingi na hata makumbusho utakuta viatu mlangoni. Vua. Ni desturi iliyotokana na wachimba makaa ya mawe, waliotoka mgodini na masizi miguuni. Kuvuka mipaka ya mji ni jambo zito zaidi: dubu weupe wapo, na sheria inakutaka uwe na kifaa kinachofaa cha kuwafukuza. Watu wengi hubeba bunduki pia. Usijipe ushujaa wa kutembea peke yako kwenda kuona mandhari. Mafunzo ya kulenga shabaha si mchezo wa kupigia picha.

*

*Mama, nasikia Nuuk, mji mkuu wa Greenland, wamejenga uwanja mkubwa na ndege za Copenhagen zinatua huko sasa. Je, Kangerlussuaq inakufa? Sisi tunaopanga msimu ujao tufanyeje?*
— Mpangaji

Njia mpya ya ndege ya Nuuk ilifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2024, na shirika la Air Greenland likahamishia huko safari zake kuu. Kwa abiria wa kawaida Kangerlussuaq si lango tena. Hilo halina ubishi, na wakazi waliozoea kuhudumia abiria wale wana haki ya kuhuzunika.

Lakini tazama kwa nini mahali hapo palichaguliwa tangu mwanzo. Wamarekani walijenga uwanja huo mwaka 1941, wakati wa vita, kwenye kichwa cha ghuba nyembamba inayoingia bara zaidi ya kilomita 160. Ukungu wa baharini haufiki kirahisi, hewa ni kavu, siku za anga wazi ni nyingi. Mwaka 1954 shirika la SAS lilipoanzisha safari ya Copenhagen hadi Los Angeles kwa kupita kaskazini, lilitua hapo kujaza mafuta. Wamarekani wakakabidhi kituo mwaka 1992. Wenye uwanja wamebadilika, abiria wamebadilika, hali ya hewa yake nzuri iko pale pale. Nuuk iko pwani, na pwani ina ukungu na pepo zake.

Kwa ndege za skii kuna sababu ya ziada. Njia ni ndefu, mita 2,800 hivi, bamba la barafu liko karibu, na marubani wana mahali pa kufanyia mazoezi ya kutua kwenye theluji, kambi ya Raven, karibu na DYE-2, kituo cha rada cha enzi za Vita Baridi kilichoachwa mwaka 1988 na ambacho hadi leo kimesimama barafuni na kuba lake. Mimi ningepanga msimu ujao kwa kuhesabu safari moja ya ziada ya ndani, Nuuk hadi Kangerlussuaq, na siku moja ya akiba kwa ajili yake. Masanduku makubwa yatumwe mapema zaidi kuliko mlivyozoea. Msidhani kwamba kwa kuwa tiketi yako imeunganishwa, na sanduku lako limeunganishwa.

*

*Shangazi, kwenda nimekuelewa. Kurudi je? Tutakuwa na miche ya barafu, kila mmoja mita moja, masanduku mengi. Ni kituo gani cha njiani kinachotisha zaidi?*
— Mlinzi wa Barafu

Kile kile, kwa upande wa pili. Msimu mzima mmehangaika kitu kisigande, sasa mnahangaika kisiyeyuke. Tena barafu ya kisayansi haihitaji kufika kwenye sifuri ili iharibike. Ikipata joto kiasi, hata ikiwa bado ngumu, hewa iliyonaswa ndani yake inaanza kuvuja na alama za tabaka zinafifia. Ghala la kuhifadhia miche ya barafu la Marekani, lililoko jirani na Denver, linakaa kwenye nyuzi 36 chini ya sifuri. Humo ndimo ulimo mche wa GISP2, mradi wa Wamarekani, uliochimbwa Summit, mita 3,053, ambao ulimalizika Julai 1993.

Kutoka barafuni, ndege inayobeba miche hurushwa bila kuwasha joto sehemu ya mizigo. Wahudumu wanavaa makoti, miche inakaa kwenye masanduku meupe yenye povu nene ndani. Hadi hapo salama. Hatari ni dakika zile Kangerlussuaq, mwezi wa saba, mlango wa nyuma unapofunguliwa kwenye jua la nyuzi 15. Kila mtu ajue kazi yake kabla ndege haijagusa lami: nani anaongoza foklifti, kontena la baridi limesimamishwa wapi, limewashwa tangu lini, na kipimajoto chake kinasomeka ngapi. Kontena lipozwe tangu jana yake. Kontena lililowashwa asubuhi ile ile lina baridi hewani tu, kuta zake bado zina joto.

Wekeni vipimajoto vidogo vya kurekodi ndani ya masanduku kadhaa, siyo moja, na siyo yale ya juu tu. Mkifika maabara, mkikuta mche una matokeo ya ajabu, rekodi hizo ndizo zitakazowaambia kama ajabu hiyo ni ya miaka elfu kumi iliyopita au ni ya Jumatano ile mlipokula chakula cha mchana.

Na usiku kontena lisiachwe peke yake. Gawaneni zamu, mtu aende kusoma kipimajoto kila baada ya saa chache na aandike kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwa kalamu ya risasi, maana wino huganda. Atakayekuwa zamu awe na namba ya fundi umeme wa kituo, na awe ameshaipiga mchana kuhakikisha inapokelewa.